Mama Zamu na Kiti cha Saa Kumi

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, fundi cherehani, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Zamu.

Mama alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa tatu kati ya saba, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, akaingia chuo cha uuguzi mwaka 1970 na kuhitimu Desemba 1972. Tarehe 8 Januari 1973 aliajiriwa katika wadi ya wanaume, na huko ndiko alikoshika sheria iliyomtawala maisha yake yote, kwamba muuguzi haondoki kwa mgonjwa kabla ya kumkabidhi kwa mwenzake kwa maandishi, na akishamkabidhi, anaondoka kweli.

Alifunga ndoa na baba yetu, seremala, tarehe 9 Oktoba 1976, wakajaliwa watoto watatu. Tarehe 2 Machi 2001 baba alipatwa na kiharusi, mama akaomba kustaafu mapema, akamuuguza nyumbani miaka kumi na moja, akimgeuza kila baada ya saa mbili, hata baba akafariki mwaka 2012 bila kidonda hata kimoja mgongoni, jambo ambalo daktari alilitazama mara mbili, akavua miwani, akampa mama mkono. Kila siku saa kumi jioni mama aliandika hali ya baba katika daftari, akamkabidhi kwa yeyote aliyekuwepo, awe mtoto, shemeji au jirani, ambaye ilimbidi atie saini, kisha akaenda nyuma ya nyumba kwenye kiti alichochongewa na baba, akavua viatu, akaweka miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kwa nusu saa hakuitikia hata ungemwambia paa linaungua. Mashangazi zetu walisema mke gani huyu anayeota jua mume yuko kitandani, nami, Mungu anisamehe, niliwaunga mkono.

Aprili 2023 moyo wake mwenyewe ulianza kuchoka, nikamhamishia kwangu, nikaapa kwamba mimi sitakaa kitini kama yeye. Niliweka cherehani kando ya kitanda chake, nikala nimesimama, nikakonda mpaka gauni nililojishonea likanining'inia, na wageni waliponisifu nikavimba kichwa. Mama alinivumilia miezi miwili, kisha siku moja saa kumi akafumba mdomo. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu aliukataa, na dawa akazikataa, akasema hapokei kitu kwa muuguzi ambaye zamu yake haiishi, maana mtu wa namna hiyo mwisho wake hukosea vidonge. Nilikasirika, nikaenda kuvihesabu ili nimwoneshe, nikakuta vya asubuhi nimempa mara mbili. Tangu siku hiyo jirani yetu aliingia kila saa kumi, akatia saini katika daftari langu, nami nikakaa kwenye kiti kile cha baba, tulichokuja nacho, nje ya dirisha la mama.

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, nilimkabidhi kwa jirani saa kumi kamili, na niliporudi saa kumi na nusu mama alikuwa ameshafariki, kimya kabisa, jirani akidhani amelala. Siku tatu sikuweza kukitazama kile kiti. Jana, nikitafuta tarehe za kuwasomea, nilifungua daftari lake lililokuwa chini ya mto, nikidhani ameandika habari za ugonjwa wake, nikakuta kurasa zote zinanihusu mimi, kwamba leo amekula ameketi, leo amecheka, leo macho mekundu asishone. Nilistaajabu, na bado nastaajabu, kwamba mtu asiyeweza kunyanyua kikombe alikuwa zamuni. Mstari wa mwisho, mwandiko ukitetemeka, unasema saa kumi kamili, amekaa, viatu amevua, anaendelea vizuri, namkabidhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya moyo, wafanyakazi wenzake wa zamani waliokuja na sare zao, majirani wote, na hasa jirani yetu wa saa kumi, ambaye namwomba asijilaumu, kwa sababu mimi nimeacha kujilaumu.

Chini ya mstari ule palibaki nafasi ya saini, na asubuhi hii nimeitia mimi mwenyewe. Mama, zamu imepokelewa, nenda ukapumzike kwa amani.