Kiti cha Wageni wa Mama Scholastique

Tarehe 30 Septemba 1988 Mama Scholastique atavua koti lake jeupe, baada ya miaka kumi na saba na karibu miezi tisa katika chumba cha macho cha hospitali yetu hapa Bunia. Karatasi za serikali zinamwita Akumu. Sisi tulibaki na jina la ubatizo, naye hakukataa.

Alifika Januari 1971 akitokea Mahagi, akapewa kazi ya kuchemsha vyombo vya upasuaji. Mengine alijifunza kwa kutazama. Siku za kupokea wagonjwa alisimama barazani akieleza: mtoto wa jicho ni kioo cha ndani kilichogeuka cheupe kama maji ya mchele, na daktari anaweza kukitoa. Kope zilizojikunja na kukwaruza jicho hushonwa zikatazama nje. Lakini presha ya jicho ikishaua mshipa wa nyuma, hakuna kisu kinachorudisha mwanga, kwa hiyo mtu aje mapema. Waliotia dawa za majani aliwauliza kama jicho ni chungu cha kupikia majani ya sombe.

Kazi yake ngumu ilianza baada ya upasuaji. Aliyetolewa mtoto wa jicho alilazwa chali siku tano, macho yote mawili yamefungwa bendeji, vifuko vya mchanga pande zote za kichwa. Akiinuka ghafla, mshono unafunguka na jicho linaharibika. Na katika giza lile wengi waliona watu. Daktari alisema ni ubongo uliokosa mwanga unaojichorea picha. Mama Scholastique alikubali, kisha akaleta kiti. Yeyote aliyeonwa na mgonjwa alikaribishwa kukaa, ili mgonjwa asimfuate.

Januari 1978 tulimpokea muzee Gérard, mchimba dhahabu wa Nizi. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa kwa presha. La kulia ndilo lililopasuliwa, na hakuwa na lingine. Siku ya pili, mchana, alianza kusukuma vifuko vya mchanga. Alisema marehemu mke wake, aliyechukuliwa na maji ya mto Shari akivuka, amesimama mlangoni na miguu imelowa.

“Iko ananiita,” alisema. “Niache niende.”

Mama Scholastique alimshika kichwa kwa mikono miwili, akazungumza na mlango.

“Mama, ikala hapa kwa kiti. Muzee wako akisimama leo, hataona tena. Umungojee siku tatu tu.”

Muzee akatulia. Siku zile tatu alilala bila kutikisika, akiongea polepole kuelekea kwenye kiti. Mimi ndiye niliyepiga deki chumba kile, na kila asubuhi nilikuta unyevu chini ya kiti, mahali pawili padogo, kando kando. Ilikuwa kiangazi, na bati letu halikuvuja. Nilipangusa. Sikumwambia mtu isipokuwa Mama Scholastique, naye hakushangaa. Alinipa tambara kavu zaidi.

Siku ya tano bendeji ilifunguliwa. Muzee aliona mikono yake, kisha dirisha, na alipovaa miwani nzito akaona hata nzi kwenye ukuta. Tulicheka naye. Halafu akageukia kiti.

“Ameenda wapi?”

Akaomba afungwe tena, saa moja tu. Mama Scholastique alimfunga, akakaa naye saa nzima. Hakuja mtu. Alipomfungua, bendeji ilikuwa imelowa machozi, akalipangusa jicho lile kwa pamba safi, taratibu, kama alivyofundishwa. Kesho yake muzee alipanda lori la Nizi bila kushikwa mkono.

Mwaka 1984, nilipomzika binti yangu Wivine, nilimwomba Mama Scholastique anifunge macho na mimi. Bendeji ilikuwa mkononi mwake. Aliiviringisha, akairudisha kwenye sanduku, akaniambia macho yangu ni mazima, na nyumbani kuna wadogo zake Wivine ambao tangu mazishi hakuna aliyewatazama. Tulikwenda pamoja. Aliwaogesha yeye, nami nilisuka nywele zao.

Mama Scholastique, sisi sote wa chumba cha macho tunakushukuru. Ufike Mahagi salama, mahindi yako yastawi, wajukuu wakuchoshe kwa kelele. Miaka iliyobaki iwe myema kwako, na kila asubuhi uone vizuri walio mbele yako.