Samaki wa Kukaa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umesogezwa ukutani kwa duka la vioo, na linachukua watu wanne wakikubali kubanana. Kila siku kuanzia saa nne asubuhi wanakaa hapo wale wale. Yupo Mstaafu, aliyekuwa karani wa idara ya maji mpaka wakamwambia inatosha, na ambaye hadi leo huchomekea shati kama anasubiriwa ofisini. Yupo Mtaalamu, fundi wa pasi na feni, asiyekosa moja mapajani, ingawa kazi yake hasa ni kujua. Yupo Shemeji, muuza kahawa, anayeitwa hivyo na mtaa mzima japo hakuna anayekumbuka alimuoa dada wa nani. Na yupo Herufi, mwandika vibao, ambaye mkono wake ndio ulioandika SALUNI, DUKA LA DAWA na USIKOJOE HAPA kila mahali unapopita. Ng'ambo ya barabara, hatua ishirini tu, ipo baa ya kona. Juu ya mlango wake kuna kibao kipya cha bluu kinachosema LEO SAMAKI WA KUKAA, na kibao hicho kimewapa wazee hawa kazi kwa wiki ya pili sasa.

— Nimelifikiria tangu jana, — alianza Mstaafu, akipuliza kahawa yake. — Kukaa ni kukaa. Samaki amekaa. Amekaa siku ngapi, hilo ndilo hawakuandika.

— Wangeandika wangefungiwa, — alisema Mtaalamu.

— Angalau wana ukweli kidogo. Maduka mangapi yanakuuzia kitu kilichokaa na hayakwambii?

— Mimi kila saa sita nasikia harufu nzuri ikitoka pale, — alisema Shemeji.

— Wewe nyamaza, pua yako imeungua na mvuke wa birika. Harufu siku hizi inauzwa kwenye chupa, Shemeji. Wanamimina matone mawili nyuma ya feni, basi, mtaa mzima mate yanawatoka. Hizo feni nazitengeneza mimi, niulize mimi.

Herufi alikunywa kahawa yake bila kuchangia, naye si mtu wa kukosa la kuchangia. Kile kibao alikiandika yeye. Alikiandika uani kwa baa, amepiga magoti katikati ya makreti, kwa sababu alikuwa ameapa mbele ya benchi zima kwamba baa hawezi kuifanyia kazi, yeye ni mtu wa heshima zake. Sasa, jambo la kwanza katika uandishi wa vibao, na Herufi amelihubiri hapo benchini mpaka watu wamechoka kulisikia, ni kuhesabu herufi kabla ya kuchovya brashi. Siku hiyo alikuwa na haraka asije akaonekana, hakuhesabu. Alianza kwa herufi nene zenye maringo, akaja kushtuka amemaliza KUKAA na ubao umeisha. NGA ikabaki kwenye brashi. Alijiambia ataibana chini kwa herufi ndogo, lakini mwenye baa alikuwa ameshaleta ngazi na misumari, na Herufi akaona aibu kusema.

Mpishi wa pale alikuwa amemletea sahani wakati rangi inakauka. Ni mama wa watu aliyepika miaka ishirini hospitalini, na inasemekana kuna wagonjwa waliokuwa wakiruhusiwa asubuhi wanaomba wabaki mpaka chakula cha mchana. Herufi alitarajia chakula cha baa, kile cha kusindikizia chupa, chumvi tupu. Akapewa samaki mzima aliyechanjwa mbavuni, ngozi inavunjika ikisikika, nyama ndani nyeupe na bado ina maji yake, ndimu na kitunguu saumu vimeingia hadi mfupani. Pembeni kulikuwa na mchuzi wa nyanya uliopikwa bila haraka mpaka mafuta yakapanda juu. Alilamba vidole kimoja kimoja, akaikasirikia miaka yote aliyopita mbele ya mlango ule amegeuza uso. Tangu siku hiyo alikuwa amerudi mara sita, kila mara kwa mlango wa uani.

Asubuhi hii alipopita huko, mpishi alikuwa anaparua samaki peke yake. Alimwambia bila kuinua macho kwamba mwenye baa amechoka kuona meza za mbele ziko tupu mchana. Asipoona watu wamekaa pale wanakula kabla ya saa kumi leo, jiko linafungwa na panawekwa meza ya kuchezea pool.

— Si mimi nakula kila siku? — Herufi alimuuliza.

— Wewe unakula uani, — alisema mpishi. Hakusema kwa ukali, na Herufi aliona heri angesema kwa ukali. — Uani hakuonekani.

Hayo ndiyo aliyokuwa anayameza pamoja na kahawa, na Mtaalamu ndiyo kwanza alikuwa anapata moto.

— Sikilizeni niwape siri. Kuna samaki anafugwa siku hizi kwenye matangi membamba, hawezi hata kugeuka. Haogelei. Anakaa. Anazaliwa amekaa, anakua amekaa. Huyo ndiye samaki wa kukaa. Ukimla mara tatu, miguu inaanza kulegea.

— Ndiyo maana wanaotoka mle hawatembei sawasawa, — alisema Mstaafu.

— Umeona? Watu wanasingizia pombe.

— Hao si wanatoka wamelewa tu? — aliuliza Shemeji.

— Shemeji, mimina kahawa.

Mstaafu alikunja uso, akakitazama kibao kwa jicho la mtu aliyesoma barua nyingi za serikali.

— Lakini kuna kitu kingine, — alisema. — Hebu tazameni hiyo K. Ina mkia. Mimi najua mtu mmoja tu hapa mjini anayeivuta K mkia namna hiyo.

Wote wakamgeukia Herufi.

— Wananiiga, — alisema. — Vijana wa siku hizi hawana mkono wao wenyewe.

— Nilisema mimi, — alisema Mtaalamu. — Herufi hawezi kukosea namna ile. Yule aliyeandika pale hajaingia hata darasa la pili.

Herufi akaona jinsi walivyomwamini upesi, akajisikia mdogo. Alikuwa amedanganya kwa maneno machache tu, na ng'ambo kule mama wa watu alikuwa anafuta meza ambazo hakuna aliyezichafua. Alimwona akisogeza kiti, akakirudisha, akaingia ndani.

— Yule mpishi mmemwangalia mwili wake? — Mtaalamu alishusha sauti. — Sasa mimi nimejua. Si samaki aliyekaa. Ni samaki wa kukaliwa. Anamtandika kwenye kigoda, anaweka gazeti, anamkalia mpaka analainika. Ndiyo maana wanamsifia kwamba nyama haina ubishi.

Mstaafu alicheka mpaka kahawa ikamwagikia shati. Hata Shemeji alitabasamu, kisha akaona haya. Herufi hakucheka. Hasira ilimpanda taratibu, na haikuwa ya Mtaalamu peke yake, sehemu kubwa ilikuwa yake mwenyewe.

Hapo ndipo alipotokea mgeni. Alikuwa fundi bomba, mwanamke wa miaka kama thelathini, ovaroli imelowa magotini, mfuko wa spana begani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanetu.

— Nimeanza kazi leo pale zahanati, huku sipajui. Njaa inaniuma. Pale kwa samaki pakoje?

— Pabaya, — alisema Mtaalamu.

— Pabaya sana, — alisema Mstaafu. — Tena afadhali umetuuliza.

— Poleni. Mlikula nini?

Aliuliza vizuri tu, kama mtu anayetaka kujua aepuke kipi. Mstaafu akaanza kufuta doa la kahawa kwenye shati. Mtaalamu alianza kusema kuhusu matangi, akaona yule fundi bado anasubiri jina la chakula, akageukia kikombe chake. Shemeji alitikisa birika ambalo halikuhitaji kutikiswa.

— Samaki, — alisema Herufi.

— Nani kakuuliza wewe? — alisema Mtaalamu.

— Kauliza tulikula nini. Mimi nimekula samaki. Mara saba. Ni wa kukaanga, mwanangu, na sijala samaki kama yule tangu mama yangu aache kupika. Kibao nimekiandika mimi. Sikuhesabu herufi, ubao ukaniishia.

Gari lilipita, vumbi likatua juu ya vikombe.

— Si umetuambia wanakuiga? — Mstaafu alisema polepole.

— Nimedanganya.

— Wiki mbili tunacheka, wewe umekaa hapa hapa unatusikiliza?

— Nimekaa, ndiyo. Nilikuwa naogopa mnicheke mimi. Haya, nichekeni. Lakini yule mama jiko lake linafungwa leo saa kumi kwa sababu ya brashi yangu na midomo yetu, na hakuna hata mmoja hapa aliyeonja chumvi yake.

Alisimama. Ubao wa benchi uliinuka kidogo upande wake, Mtaalamu akajishika.

— Unaenda wapi? — aliuliza Mstaafu.

— Kula.

— Pitia basi nyuma, Herufi. Mtu mzima wewe. Mchana kweupe, meza ya mbele ya baa, wakwe zako wanapita barabara hii.

— Wapite. Nitawakaribisha.

— Ukivuka hapo, benchi hili usirudi.

Herufi alimtazama. Walikuwa wamekaa bega kwa bega miaka kumi na moja, Mstaafu alimsomea barua ya msiba wa kaka yake kwenye ubao ule ule. Maneno yale yalimuuma. Akayaacha yaume.

— Sawa, — alisema. — Twende, mwanangu.

Walivuka. Herufi hakuchagua meza ya ndani wala ile ya kivulini. Alivuta kiti cha meza iliyo karibu kabisa na barabara, akakaa uso wake ukielekea benchini, mgongo umenyooka kama anapigwa picha. Fundi bomba akaweka mfuko wake chini, akakaa ubavuni. Mwenye baa alichungulia kutoka kaunta, akatazama saa, kisha akawatazama wao.

Mpishi alitoka akijifuta mikono kwenye aproni. Alimkuta Herufi pale mbele, akasimama.

— Umekosea mlango leo.

— Sijakosea. Nimeshawaambia kibao ni changu.

— Wamesemaje?

— Wamenifukuza.

Mpishi alitazama ng'ambo, akamgeukia tena Herufi.

— Basi nakuletea mkubwa.

Akaleta wawili, wakubwa kweli, bado mafuta yanachezacheza juu yao. Fundi bomba alimega kipande, akala, akaacha kuzungumza habari ya mabomba ya zahanati katikati ya sentensi. Herufi alikula kwa mkono, bila haraka, bila kuinamia sahani. Wapita njia wawili walimtambua, mmoja akanong'ona. Aliwapungia kwa mkono wenye mchuzi. Alijua jioni mtaa mzima utakuwa umesikia, na kwamba kesho huenda mtu akamnyima kazi ya kibao kwa jambo hili. Akamgeuza samaki upande wa pili.

Benchini Mtaalamu alinyoosha kikombe aongezewe. Shemeji aliliinamisha birika, yakatoka matone na machicha.

— Imeisha, — alisema Shemeji.

— Saa sita na nusu tu imeisha?

— Imeisha, mzee. Na mimi nina njaa.

Alikusanya vikombe, cha Mtaalamu akakitoa mkononi mwake kwa adabu, akavitia ndooni. Kisha akavuka barabara na birika lake, akavuta kiti cha tatu mezani kwa Herufi. Wakabaki wawili juu ya ubao wa watu wanne, mikono mitupu, upepo unawaletea harufu ambayo haikutoka kwenye chupa yoyote. Mtaalamu aliichunguza feni iliyokuwa mapajani mwake. Mstaafu alichomekea shati upya, akakohoa, akaita kwa sauti ya ofisini.

— Herufi.

Herufi aliinua macho.

— Ana miiba mingi?

Mdomo wa Herufi ulikuwa umejaa. Mpishi, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakusubiri jibu. Alirudi jikoni akaweka wengine wawili kwenye mafuta.