Nilikuja Iguguno Kuuguza, Nikauguzwa

Jina la Bwana lihimidiwe, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, poleni na safari ya asubuhi. Watoto mlioketi pale chini, nanyi nawasalimu.

Mchungaji ameniomba niseme jinsi Mungu alivyonitendea, nami nimekubali kwa furaha, ila naomba msianze kunicheka mapema. Wengi wenu mlikuwapo, na habari hii mnaijua kwa upande wenu. Leo nataka muisikie kwa upande wangu, mimi mliyeniita Nesi Mnyasa kwa sababu jina langu la Esnati liliwashinda kutamka.

Nilizaliwa Nyasa, kando ya ziwa. Baba alikuwa mwalimu wa misheni, mama alikausha samaki na kuuza. Nilisomea unesi katika hospitali ya misheni ya kwetu, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuzalisha. Siku moja daktari wetu alituuliza kama yuko nesi aliye tayari kwenda Tanganyika. Alisema misheni ya huku inatafuta nesi wa kike Mwafrika, maana binti wa hapa aliyesomea kazi hiyo alikuwa hajapatikana. Wenzangu wakainamisha vichwa. Mimi nikanyoosha mkono. Nilijiambia hivi: Nyasa anatawala Mwingereza, Tanganyika anatawala Mwingereza, bendera ni ile ile na Mungu ni yule yule, basi na maisha yatakuwa yale yale.

Mama alilia. Baba aliniwekea mikono kichwani akaniombea. Nikapanda meli ya ziwani, nikapanda malori, nikapanda treni mpaka Manyoni, kisha nikapanda lori tena, juu ya magunia. Nilipofika hapa nilikuwa na vumbi mpaka ndani ya masikio.

Ndugu zangu, bendera kweli ilikuwa ile ile. Mengine yote yalikuwa mageni. Kwetu maji ni mengi, mtoto anaogelea kabla hajajua kukimbia. Hapa nilikuta akina mama wanafukua mchanga mtoni, wanakaa kimya kusubiri maji yajikusanye, wanateka kata kwa kata. Siku ya kwanza mke wa mchungaji alinikaribisha chakula, akaniwekea ugali wa uwele na mlenda. Nikachovya tonge, nikaliinua. Mlenda ukanifuata. Nikainua mkono zaidi, ukazidi kunifuata. Mwishoni nilisimama kabisa, na mlenda bado umeshika bakuli. Mama yule alicheka mpaka akaegemea ukuta, ndipo akanionyesha namna ya kuzungusha tonge ili uzi ukatike.

Na salamu je? Niliambiwa kwamba hapa heshima ni shikamoo. Basi nikampa shikamoo kila niliyekutana naye: mzee, kijana, hata watoto wanaochunga mbuzi. Wale watoto waliipenda sana. Walikuwa wakinipisha njiani, wanazunguka nyuma ya vichaka, wanatokea tena mbele yangu kwa sauti nzito za kizee: "Marahaba, marahaba." Hakuna aliyenieleza mpaka mwezi ukaisha.

Hayo yalikuwa ya kucheka. Lakini lipo lililoniliza.

Mzazi wa kwanza niliyempokea hapa alikuwa binti mdogo, na uchungu ulimbana sana. Nikamshika mkono nikawa namwambia kwa lugha ya kwetu, "Pepani, pepani." Kwetu neno hilo maana yake ni pole. Lakini shangazi zake waliokuwa pembeni walisikia pepo. Walisikia nesi mgeni, asiye na mume, asiye na mtoto, anawaita mapepo juu ya mzazi. Wakamfunga yule binti khanga, wakamwinua, wakaondoka naye. Alijifungua nyumbani kwao salama, Mungu ashukuriwe, lakini habari ilikwisha tembea kijiji hadi kijiji.

Aliyeitembeza zaidi ni Mama Mkumbo. Huyu alikuwa mkunga mkuu wa upande huu, mama mwenye sauti ambayo hahitaji kuipaza. Aliwaambia wanawake, "Yule msichana hajazaa. Anachokiita hatukijui. Kaeni mbali naye." Na wao wakakaa mbali.

Ndugu zangu, nikawa nesi wa kuzalisha asiyezalisha. Kila asubuhi nilifagia wodi ya wazazi, nikanyoosha mashuka yasiyolaliwa, nikachemsha vyombo visivyotumika. Kisha nilikaa dirishani nikikunja bendeji. Nilipopita kisimani mazungumzo yalikatika. Kiswahili changu kilikuwa kibovu, Kinyiramba sikujua hata neno, na siku nyingine ilipita nzima sijasema na mtu ila kumwambia mganga wa dawa wa hospitali yetu habari za asubuhi na kwaheri. Moyo wangu ukaanza kukauka kama ile mito yenu. Nilianza kuwachukia. Niliwaona watu wa giza, na mimi nikajiona taa iliyofunikwa. Hata maombi yangu yakabaki moja tu: Bwana, nirudishe kwetu.

Nikamwendea mchungaji nikamwambia, "Baba, mimi nimeshindwa. Nataka kurudi Nyasa."

Hakunilaumu. Alisema, "Mvua zinaanza, binti yangu, na barabara zitaharibika. Ngoja zikauke, nitakutafutia lori mimi mwenyewe."

Nikangoja. Na mvua mwaka ule zilinyesha kweli kweli.

Adhuhuri moja nikiwa wodini peke yangu nilimwona Mama Mkumbo amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika. Hakuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mke wa mwanangu Mkumbo, Salome, ana uchungu tangu jana. Mtoto mmoja ametoka. Tumbo bado limejaa."

"Yuko wa pili?"

"Yuko. Amelala kwa kukingama. Nimejaribu, amekataa."

Nikamuuliza, "Umekuja kuniita mimi?"

Akanitazama usoni. "Ningekuwa na mwingine wa kumwita, nisingekuja kwako."

Huyo ndiye Mama Mkumbo, ndugu zangu. Hadanganyi hata akiwa na shida. Nikachukua mkoba wangu, tukaenda kwa haraka kwenye matope, yeye mbele mimi nyuma, tukavuka mto maji yakiwa magotini.

Nyumba yao ilikuwa ya zamani, tembe la udongo. Salome alikuwa amelala karibu na moto, macho yameingia ndani. Nilinawa, nikampapasa. Mama Mkumbo alikuwa amesema kweli: mtoto amekingama. Moyo wake bado ulikuwa ukipiga. Nikamwambia Mama Mkumbo ashike juu ya tumbo, hapa, asiachie. Mimi nikaweka mikono yangu huku na huku, nikaanza kumgeuza mtoto polepole kutoka nje, kama tulivyofundishwa. Salome akapiga kelele, na kabla sijajizuia nikasema, "Pepani."

Mikono ya Mama Mkumbo ikasimama.

"Umesema nini?"

"Ni lugha ya kwetu, mama. Maana yake ni pole."

"Pole tu?"

"Pole tu."

Akamtazama Salome. Kisha akasema, "Basi mwambie tena. Anaistahili."

Nikamwambia tena. Nikaendelea kugeuza, na yeye akaendelea kushika, hata nikahisi kichwa kimeshuka mahali pake. Mtoto akaja, wa kike, mlegevu, hana sauti. Nikamsafisha kinywa, nikampulizia pumzi, nikamsugua mgongo. Nikampulizia tena. Alipolia, Mama Mkumbo alikaa chini pale pale kwenye majivu, akafunika uso kwa mikono. Vigelegele vilivyopigwa nje nadhani hata ng'ombe hawajavisahau.

Mto ulikuwa umefurika nyuma yetu, hakuna wa kuvuka. Nikakaa kwao. Nililala kwenye ngozi ya ng'ombe kando ya moto pamoja na wanawake wa nyumba ile, nikanywa maziwa, nikafundishwa kusalimia kwa Kinyiramba, wakanicheka, nikacheka nao. Maji yalipopungua nilirudi kazini nikiimba. Nilifikiri huo ndio wokovu wangu. Sikujua kwamba Mungu alikuwa hajamaliza.

Mnawajua papasi, wale kupe wa kwenye vumbi la nyumba za zamani. Ninyi mmeumwa nao tangu utotoni, mwili umezoea. Mgeni wakimuuma, anaanguka. Nami nilianguka. Homa ilinishika nikatetemeka mpaka kitanda kikalia. Ikaniacha, nikasema nimepona. Ikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mganga wa dawa hakuwa na sindano ya ugonjwa ule, na daktari wa hapa alikuwa safarini. Akapeleka habari Singida waitume dawa kwa lori, lakini mvua ilikuwa bado inanyesha, na mto ulikuwa umefurika tena.

Ndugu zangu, mimi nesi nilijua ninachougua, na nilijua mwisho wake. Nililala katika wodi ile ile niliyoifagia, kwenye shuka nililolinyoosha mwenyewe, nikamwambia Mungu, "Umenileta mbali hivi ili nife bila mtu wa kwetu hata mmoja?"

Nilipofumbua macho nilimwona Mama Mkumbo ananikanda miguu. Nyuma yake walikuwa akina mama wengine, mmoja anapoza uji wa ulezi, mwingine anafua nguo zangu, mwingine amempakata mmoja wa mapacha. Na alikuwapo shangazi wa yule binti wa kwanza, yule aliyemwinua na kumwondoa mbele yangu. Alikuwa ameshika kitambaa cha maji, ananifuta uso. Walikuwa wamegawana zamu. Kila homa iliponitikisa nilisikia sauti ya Mama Mkumbo karibu na sikio langu: "Pepani, mwanangu. Pepani."

Nililia, na haikuwa kwa maumivu.

Siku homa ilipozidi kabisa, mchungaji alikuja kuniombea. Alipomaliza, Mama Mkumbo, ambaye wakati ule alikuwa bado hajawahi kuingia kanisani, alisema, "Na mimi nitasema." Akasimama, hakufumba macho, akatazama juu kwenye paa. "Mungu wa huyu binti, mimi sikujui vizuri. Nasikia wewe ni mwema. Huyu ni wetu. Usimchukue." Akakaa. Mchungaji akasema amina.

Asubuhi iliyofuata habari ikaja kwamba lori limefika ng'ambo ya mto, limekwama, na dereva haoni pa kupita. Mkumbo, baba wa wale mapacha, hakumwambia mtu. Alichukua dume lake kubwa la ng'ombe, akaliingiza majini, akavuka ameshika mkia. Ng'ambo akamwomba dereva kile kifurushi cha dawa, akakifunga kichwani kwa shuka lake, akarudi kwa njia ile ile. Waliokuwa ukingoni wanasema katikati ya mto walimpoteza machoni, wakaona kichwa cha ng'ombe tu. Kisha akatokea, anakohoa maji, kifurushi kikavu. Nilimuuliza baadaye kama hakuogopa. Akasema, "Niliogopa sana, nesi. Lakini ningeogopa zaidi kurudi kwa mama bila dawa."

Nikapigwa sindano. Homa ikashuka. Ilijaribu kurudi mara nyingine, ikakosa nguvu, ikaniacha moja kwa moja.

Wengine watauliza, ni dawa au ni Mungu? Mimi nasema, ni nani aliyemtia Mkumbo moyo wa kuingia majini? Ni nani aliyeileta miguu ya wanawake wale mpaka kitandani kwangu? Mungu hakushuka kwa mawingu. Alikuja na uji, na kitambaa cha maji, na mkia wa ng'ombe. Naye aliniponya magonjwa mawili kwa pamoja. Homa ilitoka mwilini, na ile chuki niliyoificha moyoni ikatoka nayo. Nilikuja nikidhani mimi nina cha kuwapa, na ninyi kazi yenu ni kupokea. Ilibidi nilazwe ndipo nijue kwamba hata mimi nahitaji mikono.

Kiangazi kilipofika mchungaji alikuja akifurahi kidogo na kuhuzunika kidogo. "Binti yangu, lori limepatikana. Linakwenda Manyoni kesho."

Nikamwambia, "Baba, lipakie mahindi."

Tangu hapo wodi haijakaa tupu. Mama Mkumbo huwaleta wazazi yeye mwenyewe, na hukaa kichwani mwa kitanda mimi nikiwa miguuni, na tunagombana na kupatana kama mama na mwana. Alibatizwa katika kanisa hili hili. Wajukuu wake, wale mapacha, wameshaanza kuchunga ndama. Mimi nimeolewa hapa, na wanangu wananisahihisha Kinyiramba.

Namshukuru Mungu kwa yote hayo. Na wewe uliye hapa leo, ambaye moyo wako umekauka, unayesema hakuna anayenijua, hakuna anayeninena kwa wema, nakusihi umwamini Bwana. Mwambie hata kwa maneno machache kama ya Mama Mkumbo. Halafu akikutumia mtu usiyempenda, mfungulie mlango.

Neno la mwisho. Yule binti aliyeketi benchi la mbele, mwenye kitambaa cha buluu, ni Miriamu, nesi mpya. Amefika juzi kutoka Uganda. Kiswahili hakijui, na kila anayepita mbele yake anamwogopa. Sitaki awe na siku kama zile nilizokuwa nazo mimi. Naomba nyumba moja imchukue leo akale nao mchana, na kesho nyingine, na kesho kutwa nyingine, mpaka asijue tena mgeni ni nani.

Naona Mama Mkumbo amekwisha inuka na kumshika mkono. Mama, keti kwanza. Tuombe, ndipo uondoke naye.