Inchi Nne za Fundi Inchi

Ndugu, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, haya ndiyo maisha ya ndugu yetu mliyemzoea kwa jina la Fundi Inchi, nasi tunayasoma kama mkewe alivyotaka yasomwe, pamoja na sehemu ambayo wengine katika familia tulimsihi aiache, naye akakataa katakata.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, akiwa kitinda mimba na mvulana pekee kati ya watoto wanne, na jina la Inchi alilipata angali mdogo, kwani hakugawana mkate wa chai na dada zake mpaka aupime kwa rula, na kwa miujiza ambayo hakuna aliyeielewa, kipande kikubwa kilimwangukia yeye.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akajifunza ufundi wa magari mwaka 1977 na 1978, na tarehe 2 Aprili 1979 akaajiriwa katika karakana ya idara ya barabara, upande wa springi na ekseli, alikofanya kazi kwa miaka thelathini na saba bila gari hata moja kurudishwa kwa kosa lake, kisha akastaafu na kufungua karakana yake uani, chini ya mabati manne.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1987, na fundi cherehani mnayemwita Mama Sindano, ambaye walijuana siku alipompelekea ovaroli ipunguzwe miguu, akiwa amejipima mwenyewe na kuandika vipimo kwenye karatasi, mama akaitupa karatasi ile na kumwambia kwamba mtu hapimwi kama chuma, maana chuma hakipumui, naye akarudi wiki iliyofuata na suruali isiyokuwa na shida yoyote. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1989 na mwana mwaka 1993, ambao kazi zimewapeleka mbali, na wamefika jana jioni wakiwa wamechelewa, kama sisi sote tulivyochelewa.

Mwezi Mei 2017 Mama Sindano alianguka na kuvunjika nyonga, na tangu hapo ikambidi afike hospitali kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, ng'ambo ya kalavati ambalo mvua ikinyesha hugeuka mto, na tarehe 19 Aprili 2018 pikapu yao ilizimikia katikati ya maji hayo, mama akakaa kitini maji yakimfika magotini hadi lori lilipokuja kuwavuta, na mumewe, mtu asiyejua kulia, alilia mbele ya dereva wa lori na kuapa kwamba jambo lile halitatokea tena.

Alichukua wiki sita kuchagua seti ya vifaa vya kuliinua gari juu ya maji, akaenda na futi ya kushonea ya mkewe kupima alama ya maji kwenye nguzo ya kalavati, na muuza spea alipomshauri kwamba inchi mbili zinatosha kwa mtu mzima mwenye akili zake, alimjibu kuwa inchi mbili ni za vijana wa kujionyesha, yeye anataka nne, pamoja na matairi makubwa zaidi. Akaifanya kazi hiyo kwa mikono yake, springi mpya mbele na nyuma, shokapu ndefu, mipira ya breki akaibadilisha yote ili isivutike, kila nati akairudia mara mbili, na tarehe 30 Juni 2018 akalishusha gari kutoka kwenye jeki, majirani wakapiga makofi, naye akamwita mkewe aje aone.

Hapa ndipo mahali tulipomsihi aparuke. Mama Sindano, ambaye kwa miaka arobaini amekuwa akikutazama tu na kujua kiuno chako, anataka mjue kwamba aliposimama pale uani aliona mara moja kuwa mumewe alikuwa amepima maji, amepima chuma, lakini hakupima goti la mtu, na kwamba sakafu ya gari lile ilikuwa juu mno kwa mgonjwa yeyote, lakini alimwona mumewe anavyong'aa kwa furaha, akasema tu kwamba gari limependeza.

Alhamisi ya kliniki iliyofuata mama alishindwa kupanda, na marehemu, badala ya kukiri, akamchongea kigoda cha ngazi tatu, akawa anakiweka chini, anamshika mkono na kumwambia kila safari, taratibu, mama, hatuna haraka, na kwa karibu miaka saba hawakukosa kliniki hata moja, kigoda kikisafiri nyuma hadi watani wakasema kidaiwe leseni.

Jumanne iliyopita, tarehe 18 Machi 2025, saa nne asubuhi, marehemu aliingia ndani ameshika kifua, mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na maji yamefunika kalavati, gari la hospitali likakwama ng'ambo, hivyo hapakuwa na chombo kingine cha kuvukia isipokuwa pikapu ile. Jirani yao, mwalimu mstaafu, alikuja kuendesha, wakaweka kigoda, lakini mguu wa marehemu haukunyanyuka, wakajaribu kumbeba mara tatu, mwalimu na uzee wake, mama na nyonga yake, na mara ya tatu wakaanguka wote, akabaki ameegemea tairi, akimwambia mkewe taratibu, hatuna haraka, hadi wapakiaji wa ghala la mbao walipofika na kumpandisha, dakika arobaini baadaye. Gari lilivuka kama alivyopiga hesabu, tone halikuingia ndani, na walipofika hospitali alikuwa ameshakata roho. Mama alimuuliza daktari kuhusu dakika zile arobaini, na daktari akainamisha kichwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake wa karakana ya barabara, wapakiaji wa ghala, na mwalimu, ambaye tunamwomba asijilaumu, ingawa tunajua hatatusikia, kama mama asivyotusikia. Mmeuliza kwa nini jeneza limeletwa mabegani wakati pikapu ipo uani, na jibu ni kwamba mkewe amesema mume wake hatapandishwa tena kwenye lile gari, akatuagiza pia kwamba wakati wa kumshusha kaburini tumwambie maneno yake mwenyewe.

Taratibu, Fundi Inchi, pumzika kwa amani, hatuna haraka.