Mlango Wangu Uacheni, Soko Lifungueni

Sikilizeni wanangu, na mnisikilize mkiwa hapo hapo nje ya dirisha, maana sina tena sauti ya kurudia jambo. Wewe kaka mtu, pandisha hiyo barakoa ifunike pua. Najua jua ni kali, lakini kama mwanangu mwenyewe hanisikii, soko zima lingenisikia vipi? Na wewe kitinda mimba, toa mkono kwenye kitasa. Nimetia komeo kwa ndani, na kulitia tu kumenichosha kuliko kulima, kwa hiyo usinitie kazi ya kukuogopea.

Mnakumbuka soko letu la wakulima lilivyokuwa, watu wamebanana, mmoja anabonyeza nyanya anaiacha, mwenzake anakuja kuibonyeza ile ile. Maradhi yalipoingia mjini, wakulima wenzangu walinitazama mimi mwenyekiti wao kana kwamba nina dawa kwenye pindo la khanga. Dawa sikuwa nayo. Nilikuwa na chokaa, kamba na mapipa ya maji, nikakaa na Bwana Afya, kijana mwenye heshima zake, tukapanga: lango la kuingilia liwe hili na la kutokea liwe lile, meza ziachane, mnunuzi aonyeshe kwa kidole na anayeshika awe muuzaji peke yake, wa mboga za majani waje siku yao na wa viazi yao, na anayekohoa abaki nyumbani, jirani yake amuuzie mzigo. Walininung'unikia, wakaniita Mama Chokaa, lakini walifuata. Mvua ikifuta mistari, nilikuwa nainama naichora upya, na mgongo huu mnaujua. Soko lilikuwa kimya kama darasa la mtihani, ila watu walikuwa wanauza na wanarudi kwao wazima.

Kisha asubuhi moja tukakuta mnyororo langoni. Masoko yote yafungwe, na letu likiwamo, wala hakuja mtu kututazama tunafanyaje. Nilikwenda ofisini, nikaongea na karani nyuma ya kioo, akaniambia, "Mama, agizo limetoka juu." Nikamgeukia Bwana Afya niliyekwenda naye, naye akatazama viatu vyake. Hapo nikajua hata yeye hana la kufanya, na nikamwonea huruma kabla ya kujionea mwenyewe.

Lakini nyanya hazisomi matangazo, wanangu, ziliendelea kuiva. Watu wakahamishia matenga stendi ya mabasi, bega kwa bega, hakuna maji, hakuna kamba, mvuke wa pumzi tu na kelele za makondakta. Nilikwenda kila siku na ndoo yangu, napaza sauti, "Achianeni nafasi jamani!" Mama mmoja akanijibu taratibu kabisa, "Tuachiane nafasi wapi, mwenyekiti, tuingie chini ya magari?" Hakunivunjia heshima, alisema kweli, nami nikaitua ndoo yangu hapo hapo.

Pale ndipo shangazi yenu wa vitunguu alipoanza kukohoa. Nikamwambia, "Wifi, nenda nyumbani, nitakuuzia." Akasema, "Una meza yako ya kuuza, na mikono yako ni miwili tu. Niache nimalize gunia hili." Hakulimaliza. Alianguka juu ya vitunguu vyake, watu wakatawanyika kama wamemwagiwa maji ya moto, tukabaki mimi na msukuma mkokoteni, tukampakia, nikamshika kichwa njia nzima kisigonge ubao. Mlangoni mwa hospitali tulizuiliwa. Aliingia peke yake, akatoka amefungwa tusimwone uso. Na mimi haikupita muda kifua kikaanza kuniwaka. Msiniulize kwa nini nilimshika. Ningemwachia nani?

Sasa Mzee wa Viazi anatangaza mjini kwamba mimi ndiye niliyekwenda kuomba soko lifungwe, nipate sifa kwa wakubwa. Nilikwenda kwake kabla sijaugua nimweleze, akanifungia mlango. Msigombane naye. Mtu aliyetazama jasho lake likioza gunia kwa gunia lazima apate wa kumlaumu, na wakubwa hawafikiki, mimi nafikika. Inaniuma, sitawaficha, lakini niacheni niondoke nayo.

Unasema nini, dada mkubwa? Gari la wagonjwa? Bwana Afya alikuja hapo hapo uliposimama, akasema vitanda vimejaa, akasema huku anatazama ukuta. Msilipigie tena simu, mnajiumiza bure. Alileta na habari nyingine: leo mnyororo unatolewa, soko litafunguliwa kwa masharti. Akanisomea masharti. Ni yale yale, wanangu. Kamba, chokaa, malango mawili. Nilicheka mpaka kikohozi kikanikaba.

Ngojeni. Ngojeni nivute pumzi.

Shamba la mtoni msilikate vipande, limeni pamoja. Nyumba hii ni ya kitinda mimba, ila msiingie mpaka watu wa afya waipulize dawa. Kaka mtu, mapipa na koki viko mikononi mwako, na maji yakikatika hakuna kuuza, hata wakutukane. Dada mkubwa, meza yangu ni yako, uenyekiti si wangu kuugawa, wakikutaka watakuchagua. Meza ya vitunguu ni ya watoto wa shangazi yenu. Asiikalie mtu.

Nikifa, wanizike watu wa afya. Msinioshe. Msiite matanga, anayetaka kulia alie kwake. Mkinijazia watu uani hapa, nitakuwa nimechora ile mistari bure.

Usilie hivyo, kitinda mimba, unalowesha barakoa, haitakufaa tena. Ningekushika kichwa. Mikono ninayo, iko hapa kitandani, na siwezi... hapana, rudi nyuma. Rudi.

Wakulima wameshafika langoni. Nasikia mikokoteni. Hakuna aliyechora mistari. Nendeni. Sitaki mnisubiri nife, kusubiri hakunipunguzii kitu.

Mungu awatangulie njia hii mnayoshika. Awape kifua kizima, na riziki isiyowagombanisha, na mtu wa kuwashika mkono siku... siku mtakayouhitaji. Radhi zangu mnazo, zote, hata wewe mkaidi wa kitasa.

Haya. Nendeni sasa, wakati bado nawaona. Achianeni nafasi mkitembea. Hivyo. Hivyo hivyo... dada mkubwa, mbele kidogo...