Pale Sauti ya Iliasi Ilipokatikia

— Franka elfu tano, fundi, na simu bado inajifunga?

— Elfu tano ni ya kazi. Mimi sidanganyi mutu.

Aliyenishika hivyo, kwenye benchi mbele ya kibanda changu cha kutengeneza simu, Kabambare, ni Avoka, wakili wa jina tu, ambaye hajawahi kuona mlango wa tribinali. Kahawa ilikuwa mkononi mwa kila mmoja, isipokuwa Safi, mjane mwenye simu. Yeye aliishika hiyo simu. Mume wake, Iliasi, alimtumia ujumbe wa sauti asubuhi ile alipoingia shimo la dhahabu Lusangi, na shimo likamfunika. Jana tuliufungua wote. Iliasi anasema: «Safi, kama sirudi, usi...» Application inajifunga. Mara saba, pale pale. Arobaini yake ni kesho.

Mze Litre, muuza petroli ya chupa, akaanza:

— Inajifunga pale fasi udongo ulimufunga. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Litre, hiyo mezali yako uimeze pamoja na kahawa, nikamwambia.

— Mimi naona ni marehemu mwenyewe anaziba kinywa, Avoka akasema. Hamukusikia? Mbele sauti haijakatika, kuko mutu wa pili anapumua mule ndani.

Hakuna aliyecheka. Ile pumzi hata mimi niliisikia. Ndiyo maana nikakasirika.

— Bure kabisa. Simu iko na memwari mbili. Moja ni ghala, ya kulaza vitu. Ingine ni meza, ya kufanyia kazi. Meza ikijaa, simu inasukuma application moja chini, ili yenyewe isikwame. Ndiyo kujifunga. Hakuna mufu hapo.

Gaston, wa moto, ile pikipiki ya abiria ya kwenda Wamaza, alikuwa ndiyo kwanza anashuka, vumbi mpaka kwenye kope.

— Na wewe ulitengeneza nini, mukubwa?

— Jana usiku niliipunguzia mizigo. Nilifuta mapicha, mavideo, masauti ya zamani.

— Ile ya mezani?

— Ya ghalani.

— Kama meza ndiyo ilijaa, juu ya sababu gani ulimwaga ghala?

Kahawa yangu ilikuwa imepoa. Nikachukua simu mikononi mwa Safi, nikaifungua mbele ya wote. Jina la Iliasi lilikuwepo. Chini yake, hakuna kitu: ujumbe ule nao nilikuwa nimeufuta. Tukatazama ule weupe wa kioo, na tukaisikia pumzi, mara moja. Mze Litre akasogea mbali nami. Kisha application ikajifunga yenyewe, na ndani yake hamna hata neno moja.

Safi hakulia.

— Fundi, nirudishie ile sauti. Hata hivyo hivyo ilivyokuwa, ikikatikia pale pale.