Mama Gundi Hakujichubua

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1971, alfajiri, katika chumba cha nyuma ya duka la seremala, mtoto wa tatu kati ya watano na wa kwanza kwa kelele. Aliyemkimbilia mkunga ni mjomba wake, huyu anayewasomea, na kwa mbio zile angepewa medali.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1985. Mjomba wake aliishia la nne, kwa hiyo ukoo mzima ulimwita marehemu profesa.

Tarehe 3 Februari 1990 aliajiriwa kiwanda cha viatu, meza ya kubandika soli. Wenzake walipaka gundi kwa brashi, na brashi huacha mabonge. Yeye alipaka kwa vidole viwili, ikakaa laini. Msimamizi akafurahi: "Mtazameni Mama Gundi! Wote fanyeni hivyo!" Meza nzima ikatupa brashi.

Aliolewa na fundi saa tarehe 12 Desemba 1993. "Mjomba, mume wangu hasemi," alilalamika. Akajibiwa, "Afadhali. Wewe unasemea mtaa mzima."

Mwaka 2004 vidole vile viwili vikaanza kupauka, vikawa vyeupe kama chaki. Weupe ukapanda hadi viwikoni, ukatokea hata midomoni, ambako gundi haikugusa. Hapo watu wazima tukapoteza akili. Wapo waliosema amelaaniwa. Wapo waliokataa kikombe chake, na mmekaa hapa mmejitanda. Lakini wa kwanza kumchoma moyo ni mjomba wake, mjuzi wa yote: "Umeanza kujichubua, mama? Weusi wetu umekuchosha?" Miezi miwili hakumpa mjomba wake hata salamu.

Daktari wa ngozi hakumwuliza habari za krimu. Aliuliza, "Mikono hii inashika nini kutwa?" Akamweleza kuwa ndani ya gundi ile mna kemikali inayoua chembe zinazoipa ngozi rangi. Si laana, wala haiambukizi. Pale mezani wabandikaji saba, yeye akiwemo, walikuwa na mabaka. Wakaenda wote, wakaweka mikono kumi na minne juu ya meza ya meneja. Bwana yule akavuta kiti nyuma! "Hayo mmetoka nayo kwenu, na krimu zenu." Maneno yaleyale ya mjomba. Ila mjomba alikosea kwa ujinga. Meneja alikuwa na mapipa yenye onyo ubavuni, na kusoma anajua. Wiki hiyohiyo marehemu akafukuzwa kazi.

Mabaka hayaui. Alishikwa na nimonia tarehe 2 mwezi huu, akafariki hospitalini tarehe 11, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla alisema, "Mjomba, wasinifiche mikono." Jana kiwanda kikaleta shada la maua, na pamoja nalo jozi ya glavu nyeupe, eti marehemu apendeze. Miaka kumi na minne hawakumpa glavu akiwa hai, wakaja kuivisha maiti! Mjomba amezitumbukiza chooni, na anayezitaka njia anaijua.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, ndugu wanne, mjomba mmoja mwenye aibu, na wabandikaji wenzake sita. Gundi ni ileile hadi leo asubuhi.

Mikono yake iko nje, juu ya shuka. Mtakapopita kumuaga, ninyi mlioikwepa, ishikeni. Mjomba atatangulia. Kisha tumwache mwanetu apumzike kwa amani.